Mpira wa Kwanza wa Kijana: Ukaguliwe Kabla ya Kupanda Boti

(Mhadhara kwa wazazi, walezi na vijana wa Kagunga)



Tumekuja kuzungumza juu ya bidhaa inayoonekana ndogo: mpira wa miguu anaonunuliwa kijana baada ya miaka mingi ya kuchezea mpira wa matambara. Tumeuchagua kwa kuwa mlaji wa Kagunga hununua akiwa mbali. Anayenunua Kigoma mjini hurudi kwa boti, na kasoro ikijitokeza hapa kijijini, nauli ya kwenda kudai haki huweza kuizidi bei ya mpira wenyewe. Fedha hiyo pengine imetokana na dagaa waliovuliwa katika usiku wa giza, maana mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika. Si fedha ya kuchezea, hata kama inanunua mchezo.

Kwanza, tuangalie ukubwa. Mipira hutofautishwa kwa namba. Kwa kawaida namba 3 ni ya watoto walio chini ya miaka 8, namba 4 ni ya miaka 8 hadi 12, na namba 5 ni ya kuanzia miaka 13, kwa wavulana na wasichana. Mtoto wa miaka 10 akinunuliwa namba 5 “ili akue nao”, atajifunza kupiga kwa nguvu nyingi kuliko ustadi, na mguu utamuuma.

Namba iliyochapwa isipokelewe kwa imani tu. Sheria za mchezo zinataka namba 5 iwe na mzingo wa sentimeta 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Nendeni na tepu ya fundi cherehani, au uzi mtakaoupima kwa rula. Uzungusheni katikati ya mpira uliojaa upepo, kisha mwombeni muuzaji auweke kwenye mizani. Mpira ulioandikwa 5 lakini mzingo wake ni sentimeta 64 ni namba 4 iliyovishwa jina la kaka yake, na hamna sababu ya kuulipia bei ya namba 5.

Pili, ngozi ya nje. Mipira mingi leo ni ya ngozi bandia. Ile ya plastiki ngumu na inayong’aa huwa ya bei nafuu na huvumilia kokoto, lakini huuma mguuni na kichwani. Ile laini zaidi huongozeka vizuri, ila ni ghali na huchunika upesi kwenye changarawe. Kwa kijana anayeanza, anayechezea uwanja wa udongo, mpira wa daraja la kati unatosha.

Tazameni na maungio. Ulioshonwa kwa mkono kwa uzi imara hudumu, lakini nafasi kati ya vipande huweza kupitisha maji. Hapa kwetu, ambapo kijiji kimebanwa kati ya milima na ziwa, mpira hulowa mara kwa mara. Ukinyonya maji huwa mzito, na mpira mzito si wa kupigwa kwa kichwa na mtoto. Ufinyeni kwenye maungio. Uzi ukilegea au gundi ikiachia mkiwa bado dukani, uacheni.

Tatu, upepo. Ndani ya mpira kuna bladda. Zile za butili hutunza upepo kwa muda mrefu kuliko za mpira wa asili, nazo zinafaa mahali ambapo pampu moja hutumiwa na mtaa mzima. Mwombeni muuzaji aujaze, autie kwenye beseni la maji, nanyi mwangalie vali na maungio kama vinatoa mapovu. Kisha uzungusheni chini na kuudundisha kwa pande tofauti. Ukiyumba, au ukipanda juu upande mmoja na kufa upande mwingine, haukuundwa sawasawa. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na dakika hizo kumi.

Nne, alama na majina. Alama ya ubora ya FIFA hutolewa kwa mpira uliopimwa maabara, na mpira wa namna hiyo una gharama zake. Ukiiona kwenye mpira wa bei ya chini kabisa, au jina la kampuni mashuhuri limekosewa herufi, shukuni. Isitoshe, kijana anayeanza hahitaji mpira wa mashindano ya kimataifa. Lipieni ubora mnaouona na kuupima.

Tano, ushahidi. Daini risiti ya mashine. Muuzaji asiye na mashine aandike stakabadhi yenye jina lake, tarehe, namba ya mpira na bei. Mkinunua upande wa Burundi, geuzeni bei ya faranga kuwa shilingi kabla ya kukubaliana, mkijua kwamba kufuatilia lalamiko ng’ambo ya mpaka ni kazi ngumu zaidi. Kasoro ikionekana, msiushone wala kuuziba wenyewe. Upigeni picha, mpigieni muuzaji simu, na mpatane juu ya kuubadilisha kabla hamjapanda boti. Tangazo la “mali ikiuzwa hairudishwi” halimpi mtu ruhusa ya kumdanganya mlaji. Muuzaji akikataa, lalamiko lenu hupelekwa Tume ya Ushindani, na la ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania.

Mpira ukishafika nyumbani, lowesheni sindano ya pampu kabla ya kuiingiza, la sivyo itachana vali. Fuateni kiasi cha upepo kilichoandikwa karibu na tundu. Msiuache juani, kwani upepo hutanuka ukapasua maungio.

Ndugu zetu, jambo la mwisho halimo kwenye risiti. Ziwa Tanganyika lina kina cha takribani meta 1,470, na upepo wa nchi kavu husukuma mpira kuelekea kilindini kwa kasi inayomshinda mwogeleaji. Kabla ya kumkabidhi kijana mpira, mwekeeni sharti moja mbele ya wenzake wote: mpira ukiingia ziwani, hakuna anayeufuata kwa kuogelea. Aitwe mtu mzima mwenye mtumbwi, au uachwe uende. Kijana aelewe tangu siku ya kwanza kwamba akirudi bila mpira hatapigwa. Mtoto anayeogopa fimbo ya nyumbani huweza kuliona wimbi kuwa dogo.