Mzee Akitelekezwa, Sheria Inamshika Nani? Wajibu wa Ndugu kwa Jamaa Asiyejiweza

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya wasaidizi wa kisheria na viongozi wa mitaa, Kirumba, Mwanza



Nimepewa mada ambayo kila mmoja humu ukumbini anadhani jibu lake analo. Nenda pale soko la Mwaloni, muulize mchuuzi yeyote kama mtoto analazimika kumtunza mzazi wake. Atakushangaa hata kwa kuuliza. Muulize analazimishwa na sheria ipi, hapo ataanza kukuna kichwa. Nami nitasema mapema ninachokiamini, wanaotaka kunipinga wajiandae: Tanzania Bara, sheria inayotumika leo haimbani ndugu mtu mzima kwa sababu ya damu peke yake. Inambana yule aliyempokea mzee au mgonjwa ndani kwake. Waliokaa mbali bila kutuma hata senti tano wanapita katikati ya vidole vyake. Tusipolielewa hilo, tutakuwa tunawapeleka polisi watu ambao, kwa haki, wangestahili kushukuriwa.

Nichukue kisa kimoja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili wahusika wasitambulike.

Mama mmoja wa miaka sabini na kitu alipata kiharusi akiwa kijijini, upande wa Sengerema. Ana watoto wanne. Wa kwanza yuko Dar es Salaam, wa pili ana mitumbwi yake Ukerewe, wa tatu ni binti aliyeolewa Geita, na kitinda mimba, binti pia, amepanga chumba kimoja Kabuhoro, anaishi kwa kuanika na kuuza dagaa. Ukoo ulikaa kikao. Ikaamuliwa mama aende kwa kitinda mimba kwa kuwa ndiye aliye karibu na hospitali. Kaka zake wakaahidi kutuma hela za matumizi. Walituma miezi miwili.

Sasa, dagaa hawamsubiri mtu. Kipindi cha giza, usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi inaingia alfajiri, na asiyekuwepo ndoo zikishushwa anarudi mikono mitupu. Binti akawa anaamka saa tisa usiku. Anambadilisha mama nguo, anamwekea uji kwenye chupa ya chai na kikombe cha plastiki upande wa kulia, maana mkono wa kushoto haufanyi kazi, kisha anatoka na kufunga mlango kwa kufuli kwa nje. Alikuwa na sababu zake: mama asingeweza kuinuka kufunga kwa ndani, na vibaka wa alfajiri wanajulikana. Siku moja, mnamo saa nne asubuhi, mama alidondoka kitandani akapiga kelele. Majirani wakavunja kufuli. Walimkuta sakafuni, ana kidonda mgongoni cha kulala muda mrefu, godoro limelowa. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa na kauli moja: yule binti amemfungia mayu, mama yake mzazi, ili afe, apelekwe polisi.

Mwenyekiti wa mtaa alinipigia simu kuuliza kama kuna kosa. Nilimjibu kwamba lipo, ila tuangalie linamwangukia nani.

Kifungu kinachouma

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 206, inamzungumzia mtu mwenye mwingine chini ya uangalizi wake. Anayeangaliwa awe hawezi kujitoa mwenyewe katika uangalizi huo, iwe kwa umri, maradhi, akili kutokuwa timamu, kuzuiliwa au sababu nyingine, na awe hawezi kujipatia mahitaji ya maisha. Mwangalizi ana wajibu wa kumpatia mahitaji hayo. Asipompatia, madhara yatakayompata mtu huyo yanahesabiwa kuwa yamesababishwa na mwangalizi. Wajibu wenyewe unaweza kutoka kwenye mkataba, kwenye sheria, au kwenye kitendo cha mwangalizi mwenyewe. Ukimchukua mtu asiyejiweza ukamweka chumbani kwako, umeshajifunga. Akifa kwa njaa au kwa kidonda kisichotibiwa, mwendesha mashtaka hana haja ya kutafuta mbali. Lipo kosa la kuua bila kukusudia.

Msingi wa fikra hii ni wa zamani, na wenzetu waliosoma sheria wataikumbuka kesi ya Instan, Uingereza, 1893. Mwanamke aliishi na shangazi yake wa miaka 73, wakila kwa hela ya shangazi. Shangazi akaoza mguu, asiweze kuinuka. Mpwa akaendelea kupokea chakula kinacholetwa mlangoni, akala peke yake, hakuita daktari, hakumwambia hata jirani. Mahakama ilimtia hatiani. Mpwa yule hana wa kumtetea. Lakini mwaka 1977, hukohuko, ikaja kesi ya Stone na Dobinson. Mzee karibu kipofu na mzito wa kusikia alikuwa anaishi na dada yake aliyekataa kula. Yeye na mwenzake, ambao wote uelewa wao ulikuwa mdogo, walihangaika kidogo kumtafutia daktari wakashindwa. Dada akafa. Nao walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Walibanwa kwa kumpokea, na juhudi zao dhaifu hazikuwaokoa.

Kwa hiyo binti wa Kabuhoro yumo ndani ya kifungu. Kaka wa Dar hayumo, wala mwenye mitumbwi. Hawakumpokea mama, hawakuandikiana na mtu, na hakuna sheria inayowataja kwamba, kwa kuwa amewazaa, wamlishe.

Mtu atauliza: Sheria ya Ndoa je? Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume amtunze mke na watoto, na mke mwenye uwezo amtunze mume aliyeshindwa kujimudu kwa maradhi ya mwili au akili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawabana wazazi kwa walio chini ya miaka 18. Sheria hizi ni kama maji ya mlimani: zinateremka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kupanda hazipandi.

Katiba nayo? Ibara ya 11 inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa watu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ila ibara ya 7 imeshasema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981, ambao Tanzania iliuridhia 1984, katika ibara ya 29 unamtaka kila mtu awaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wanapohitaji. Maneno mazito hayo. Na Mahakama ya Afrika iko Arusha, basi la asubuhi linakufikisha. Lakini mahakama ile inasikiliza mashauri dhidi ya nchi, si dhidi ya kaka yako mwenye mitumbwi.

Mila inakumbuka, ila inachelewa

Wazee waliopo hapa wameshaanza kunung'unika kwamba nimeruka mila. Sijaruka. Tangazo la Serikali Namba 436 la 1963, lililokusanya sheria za urithi na wosia kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, lina kanuni ambayo wengi hatuitumii. Mwenye mali anaweza kumnyima urithi mrithi ambaye, bila sababu ya haki, hakumtunza wakati wa njaa au ugonjwa. Kanuni hiyo imewekwa safu moja na mrithi aliyejaribu kumuua mwenye mali na mrithi aliyezini na mkewe. Waliotunga walijua uzito wa jambo. Hata mama asiyejua kusoma anaweza kutoa wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wasaidizi wa kisheria, hilo mlibebe mkienda mitaani, kwa sababu kaka wengi hushtuka zaidi wakisikia shamba kuliko wakisikia polisi.

Lakini kanuni hiyo huanza kufanya kazi mzee akishazikwa. Na mama yetu alikuwa na nini cha kumnyima mtu? Heka mbili za mihogo, ambazo mwenye mitumbwi hazihitaji.

Kwa Waislamu mambo ni tofauti: huwezi kumfuta mrithi kwa wosia, lakini fiqhi inamwajibisha mtoto mwenye uwezo kutoa nafaqa, yaani matunzo, kwa mzazi fukara. Mashehe wetu wakilisema hilo mimbarini mara nyingi kama wanavyosema habari za mirathi, watatupunguzia kazi.

Kuna wanaosema: si kuna Bukumbi? Ndiyo, makazi ya wazee ya serikali yapo kule Misungwi. Lakini makazi ya namna ile ni ya wasio na mtu, na swali la kwanza la afisa ustawi wa jamii litakuwa: ndugu wako wapi? Ukitaja watoto wanne, umeshajifungia mlango. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yenyewe imeiacha familia kuwa mtunzaji wa kwanza. Familia imekabidhiwa kazi, bila nyenzo ya kumlazimisha anayekwepa. Wenzetu Zanzibar angalau wameanza: tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 na kuendelea analipwa Pensheni Jamii, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2020 wakapata sheria inayohusu wazee. Kenya wameandika katika ibara ya 57 ya Katiba yao ya 2010 kwamba mzee ana haki ya matunzo kutoka kwa familia na Serikali, vyote viwili.

Na hapa Usukuma tusijidanganye kwamba mzee aliyeachwa peke yake anapungukiwa chakula tu. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia, anayeishi pekee, asiye na mtoto wa kumsemea, anajulikana ataitwa nani siku ng'ombe wakifa. Wengine wamekatwa mapanga kwa hilo.

Tulichofanya Kabuhoro

Hatukwenda polisi. Mama alipelekwa hospitali kwanza, kidonda kikashughulikiwa. Kisha tukaita tena kile kikao, safari hii kwa maandishi. Kaka wa Dar alikuwa kwenye simu, spika imewashwa, simu imewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa katikati ya chumba. Alianza kwa kumfokea dada yake kuhusu kufuli. Mjomba akamkatiza, akamuuliza alituma lini mara ya mwisho. Simu ilikaa kimya mpaka tukadhani salio limekwisha.

Tuliandika ukurasa mmoja na nusu wa daftari. Kaka wa Dar shilingi 80,000 kwa mwezi, mwenye mitumbwi 60,000 na kitoweo. Hela itumwe kwa simu, kwenye namba ya kitinda mimba, ili kila muamala uache kumbukumbu. Dada wa Geita hana hela, akatoa mikono: kipindi cha giza anakuja Kabuhoro kukaa na mama, mbalamwezi ikitoka anarudi kwake, maana hapo dagaa wamepungua na mdogo wake yuko nyumbani. Hilo hakulibuni wakili. Alilitoa yeye mwenyewe, na ndilo lililoondoa kufuli mlangoni.

Je, karatasi ile ina nguvu? Mahakama huwa zinasita kuingilia ahadi za kifamilia, zikizichukulia kuwa ni mazungumzo ya jikoni. Kwa hiyo tuliandika waziwazi kwamba wahusika wanakusudia kufungwa na makubaliano haya kisheria, na kwamba kila mmoja anaahidi kwa sababu wenzake nao wameahidi. Tena Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 25, inaitambua hata ahadi isiyo na malipo yoyote, endapo imetolewa na ndugu wa karibu kwa ajili ya upendo wa asili, ikaandikwa na kusajiliwa. Na kumbukeni kifungu cha 206: wajibu unaweza kutoka kwenye mkataba. Nafahamu kwamba wakili wa kaka atasema mteja wake aliahidi hela tu, mama hakuwa chini ya uangalizi wake. Ndiyo maana karatasi inasema kwamba mama yuko chini ya uangalizi wa wote wanne, na anayeishi naye anawawakilisha wenzake. Anayetaka kubishana na hilo, saini yake ipo.

Nimalizie kwa kisa cha upande wa pili, ambacho sina karatasi ya kukitatua. Mvuvi aliyehama kambi hadi kambi, Kome, Ukara, Ukerewe, akiacha watoto kila mwalo bila mahari wala ada ya shule, leo ana miaka sabini, mguu umevimba, amerudi Kigoto anagonga mlango wa mwanawe wa kwanza. Kijana anasema: kalale ulikokuwa. Kwa sheria ilivyo, yuko sahihi, maadamu hajamfungulia. Akimfungulia kwa huruma akampa mkeka, kifungu kinaanza kumnyemelea, kwa hiyo ushauri wangu kwake ni kwamba siku hiyohiyo aende kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi, iandikwe kuwa baba amepokewa katika hali gani na ndugu wengine ni akina nani.

Singapore, ambako kwa sheria ya 1995 mzazi anaweza kumdai mtoto matunzo, baraza linalosikiliza dai linaruhusiwa kulipunguza au kulitupa iwapo mzazi alimtelekeza mtoto huyo utotoni. India nao wana sheria ya namna hiyo tangu 2007. Siku Bara tukipata sheria ya wazee yenye meno, wabunge watalazimika kuamua kama hakimu amuulize yule mvuvi alikuwa wapi. Mimi nasema amuulize. Najua wachungaji na mashehe mliokaa mbele hapa hamtakubaliana nami, na ndiyo sababu nimemwomba Mwenyekiti atuachie nusu saa ya majadiliano.