Jiji Dogo Lichague la Kwanza



Tanga ni Jiji tangu mwaka 2005, lakini cheo hakizoi taka wala hakizibui mitaro. Historia ni shahidi. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulileta kufutwa kwa mabaraza ya miji. Huduma zikazorota, na kipindupindu kilipozuka nchini mwaka 1977, kasoro hiyo ikadhihirika. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarejeshwa; Sheria Namba 8 ya 1982 ikayapa msingi imara.

Basi mabaraza yalirudishwa ili kuhudumia watu, si kwa ajili ya fahari. Jiji lenye mapato madogo haliwezi kuanza yote kwa pamoja. Mshika mawili moja humponyoka. La kwanza liwe mitaro na taka. La pili, kupima viwanja kabla watu hawajajenga, kwani nyumba iliyokwisha kusimama katika mkondo wa maji huondolewa kwa gharama na machozi. La tatu, masoko, ambako ushuru hutoka. Jengo jipya la ofisi lingoje.

Kipaumbele kisichotengewa fedha ni maneno matupu. Mwananchi wa Ngamiani halipimi Baraza kwa hotuba. Hulipima masika yanapoanza.