Filimbi Haiombwi



Vijana wametuuliza: mtu huingiaje katika uamuzi wa ligi kali za mpira wa kikapu wakati wa kiangazi huko Marekani? Twawajibu: filimbi haiombwi, hustahiliwa. Mwamuzi huanza na michezo ya watoto, husoma sheria zikamkaa, kisha huenda kambi za kiangazi, ambako wakongwe humtazama asimamavyo na akatavyo shauri. Katika ligi ya kiangazi ya Las Vegas, iliyoanza mwaka 2004, waamuzi wanaochipukia hupimwa.

Mwaka 1997 Violet Palmer na Dee Kantner wakawa wanawake wa kwanza kuamua michezo ya NBA. Wapo waliobisha, wao wakajibu kwa kazi. Basi ndugu, tusingoje kuitwa. Adaiye haki uwanjani sharti ajifunze kuipima.