Tusome mpaka mwisho wa sentensi
Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano mkuu wa shirika letu, Niania



Tumeombwa tueleze kazi moja ya shirika ambayo wengi wanaiulizia na wengine wanaicheka. Ni masomo ya Kijerumani ya Jumanne na Ijumaa jioni. Mfadhili mmoja alituuliza mwaka jana, kwa upole: "Juu ya nini Kijerumani katika Niania?" Hapa watu wangali wanarudi na godoro kichwani. Kuko waliokuta shamba limegeuka pori, kuko waliokuta nyumba haiko tena. Mbegu, dawa, minerval ya watoto, hayo ndiyo mahitaji ya kwanza, na hatukuyaacha. Lakini ulizo lake ni la haki, na tutalijibu kwa kueleza kosa letu wenyewe.

Wanachama wetu wengi hawakukimbilia mbali sana. Wengine walienda Bafwasende na Kisangani, wengine Wamba na Isiro, wengine wakavuka mpaka Uganda. Lakini kuko wachache, wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, waliofika Ujerumani. Walikaa miaka, wakafanya kazi jikoni, kwenye usafi, kwenye maghala. Wengine walirudi kwa kupenda, wengine walirudi kwa sababu karatasi zilikwisha.

Baba mmoja kati yao alifanya kazi kule kwa mkataba, na kila mwezi alikatwa pesa ya pensheni. Sheria ya kule inaruhusu mgeni aliyeondoka Ulaya, akarudi katika nchi isiyo na mapatano ya pensheni na Ujerumani kama yetu, aombe kurudishiwa zile pesa alizokatwa yeye. Sehemu ya mwajiri hairudi. Na lazima ipite kwanza miezi 24 toka alipoacha kulipa. Baba alingoja miezi yake, akaandika, akajibiwa. Barua ilifika kwa jamaa yake Bunia, ikapigwa picha, ikaingia kwenye simu yetu.

Tukakaa kuisoma pamoja. Yeye anaongea Kijerumani kutushinda sote, maana alikiongea kazini kila siku. Sisi tuna diploma ya chuo kikuu na kitabu cha sarufi. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Der Betrag kann nicht ausgezahlt werden, solange uns die Bestätigung Ihrer Bank nicht vorliegt." Tulisoma mpaka kwenye "kann nicht ausgezahlt werden", yaani haiwezi kulipwa. Tukaangaliana. Tukamwambia: "Baba, wamekataa." Akakunja karatasi, akaiweka ndani ya sanduku la bati. Ikalala humo miezi minane.

Siku moja, masomoni, tulifika kwenye maneno madogo ya masharti. Mama anayetufundisha, ambaye alipata cheti cha B2 kabla ya kurudi, aliyaandika ubaoni: solange, maadamu; sofern, ikiwa; bevor, kabla; es sei denn, isipokuwa. Baba aliinuka akatoka bila kusema. Tulifikiri amechoka. Akarudi na ile karatasi, akaiweka mezani, akatia kidole kwenye neno "solange". Tukasoma upya, safari hii mpaka nukta: kiasi hiki hakiwezi kulipwa maadamu uthibitisho wa benki yako haujatufikia. Hawakukataa. Walikuwa wanangoja karatasi moja ya benki.

Ndugu zetu, kosa lile si la Baba wala si la biro ya kule. Ni letu. Tuliishia kwenye koma.

Toka siku ile tulibadilisha namna ya kusoma. Mbele tulijifunza maneno: soko, hospitali, habari ya asubuhi. Lakini aliyerudi kutoka Ujerumani hakosi maneno ya soko. Anayo mengi. Kinachomkosesha haki yake ni sarufi ya barua, ile inayofundishwa kwenye ngazi za B1, B2 na kuendelea. Sasa jioni moja tunachukua sentensi moja tu. Kwanza tunatafuta kitenzi, na mara mingi kiko mwisho kabisa, kama mzee anayesema wa mwisho kwenye baraza. Pili tunatafuta nani anatenda na nani anatendewa. Tatu tunapigia mstari maneno madogo ya masharti. Halafu kila mtu anaisema sentensi kwa lugha yake: Kiswahili, Kibudu, Lingala. Kama watu wawili wameisema tofauti, tunarudi mwanzo.

Tuligundua kwamba Kiswahili kinatusaidia kuliko tulivyofikiri. Mjerumani akisema "wird bezahlt", sisi tunatia -wa: inalipwa. Akisema "ich hätte gearbeitet", sisi tunasema ningelifanya kazi. Wanaolalamika juu ya der, die na das tunawakumbusha kwamba Mswahili ana ngeli nyingi kupita hizo tatu. Lakini hapo pia tulicheka wenyewe, maana kwetu Ituri mtu anasema "kitabu yangu muzuri" na hakuna anayekufa. Kumbe ile hali ya kutojali upatanisho tunaihamishia kwenye Kijerumani. Kwenye soko haidhuru kitu. Kwenye barua, "der" na "dem" ndizo zinazoonyesha nani alipe na nani alipwe.

Vitenzi vinavyokatika vipande viwili vilitusumbua zaidi. Kijana mmoja alileta karatasi ya uamuzi wa ombi lake la ukimbizi. Ndani yake imeandikwa: "Der Antragsteller trug bei der Anhörung vor, er sei aus Mambasa geflohen." Kamusi yetu ni ya Kifaransa na Kijerumani, kwa hiyo kila neno linapita Ufaransa kwanza ndipo lifike Niania. Tulitafuta "trug", tukapata alibeba, ama alivaa. Tukaulizana: mwombaji alibeba nini kwenye mahojiano? Mama akatuonyesha lile "vor" lililojificha kabla ya koma. "Trug ... vor" ni kitenzi kimoja, maana yake alieleza.

Lakini jambo kubwa lilikuwa neno "sei". Kijana yule kwa miaka alituambia hivi: "Wao wenyewe waliandika kwamba nilikimbia vita. Sasa juu ya nini walinirudisha?" Uchungu wake wote ulisimama juu ya sentensi ile. Mama alimweleza polepole. Kama biro ingesema kwa kinywa chake kwamba ulikimbia, ingeandika "er ist geflohen". Imeandika "er sei geflohen". Hiyo ni namna ya Wajerumani ya kurudisha maneno kwa mwenyewe. Si kama "eti" yetu, ambayo inatia mashaka. "Sei" haisadiki na haikatai, inasema tu: ndivyo alivyosema yeye. Yale ambayo biro yenyewe iliona ni kweli yanakuja mbele zaidi, kwenye sehemu ya sababu, na pale "sei" inageuka kuwa "ist".

Kijana alikaa kimya sana. Kisha akasema: "Kumbe yalikuwa maneno yangu, ndiyo niliyokuwa nikiyasoma."

Hatuwezi kusema kwamba jioni ile ilimrudishia kitu. Uamuzi ulikwisha zamani. Lakini wiki iliyofuata alirudi na kurasa zote, na tulizisoma mpaka mwisho pamoja naye. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wapya tofauti ya "sei" na "ist".

Tunataka wafadhili wajue pia kwamba masomo haya hayasaidii waliorudi peke yao. Kuko ndugu zetu wangali kule, wanaofanya kazi mchana na usiku, na ambao karatasi za leta zinawashinda. Wanatupigia picha barua. Mtu aliyekataliwa ukimbizi kule ana wiki mbili za kupeleka mashtaka mbele ya hakimu, na mara nyingine ni wiki moja tu. Sisi si avoka, na kila mara jibu letu la kwanza ni kwamba leo hii aende kwa avoka ama kwa washauri wa wakimbizi. Lakini kumwambia mtu "hii si ya kuweka kwenye droo, tarehe iko hapa" tunaweza. Kabla ya hapo tulizoea kuwaomba wao msaada. Sasa nao wanatuomba.

Kwa mambo ya pensheni muda ni mrefu kidogo. Anayeishi Ujerumani ana mwezi mmoja wa kupinga uamuzi, na aliyepokea barua akiwa nje ya nchi ana miezi mitatu. Ndiyo maana kila mwanafunzi wetu anajua kwa kichwa sentensi mbili: "Hiermit lege ich gegen den Bescheid Widerspruch ein. Die Begründung reiche ich nach." Napinga uamuzi huu, sababu nitazileta baadaye. Mwandishi anatia tarehe ya uamuzi, namba ya faili na sahihi yake. Zinatosha kulinda muda, na sababu zitaandikwa kwa utulivu. Angalieni tena vile vitenzi: "lege ... ein", "reiche ... nach". Ukisahau kile kipande cha mwisho, sentensi haisimami.

Tuseme kweli pia juu ya vijana wanaokuja na ndoto ya kusafiri. Hatuwafukuzi. Tunawaambia kwamba kwa kazi ya uuguzi kule wanaomba B2 kwa kawaida, kwamba kwenye mtihani wa Goethe-Institut kila sehemu kati ya nne inataka alama 60 kwa 100, na kwamba Goethe-Institut iko Kinshasa, Kigali, Nairobi, haiko hapa. Shirika halina viza mfukoni. Anayebaki baada ya kusikia hayo, tunamkaribisha. Tena tunamwambia kwamba hata pori letu limeandikwa kwa Kijerumani. Paul Schebesta alikaa kati ya Wambuti wa Ituri mnamo 1929 na 1930, na vitabu vyake juu yao ni vya lugha ile. Siku moja tungependa mtoto wa Niania avisome mwenyewe na kutuambia wapi mzee yule aliona sawa na wapi alikosea.

Mtauliza juu ya Baba na pesa zake. Karatasi ya benki ilipatikana Bunia, ikatumwa. Mpaka leo tunapowasomea hotuba hii, jibu halijafika. Hatutawaambia kwamba amelipwa, kwa sababu hajalipwa. Lakini hangoji tena kama mtu aliyekataliwa.

Maombi yetu ni machache. Tuna kamusi moja na kitabu kimoja cha sarufi kilichopoteza kurasa za mwisho, na pale mwisho ndipo kulikuwa majibu ya mazoezi. Tunaomba kitabu cha pili, pesa kidogo ya fotokopi, na taa moja ya jua, maana kila mara giza linatukuta katikati ya sentensi. Kwa wanachama ombi ni moja. Kama kuko mtu mwenye barua ndani ya sanduku, ya Kijerumani ama ya lugha nyingine yoyote, barua aliyoambiwa zamani kwamba ni hapana, ailete Ijumaa. Tutaisoma pamoja mpaka kwenye nukta.