Tazama Kilicho Nyuma ya Unayemlenga

Msikilizaji wa Watamu na Gede, leo tunasema na wewe uliye na bastola ya leseni, uwe mwenye hoteli au mfanyabiashara.

Tuseme ni jioni, Timboni. Mtu amekutolea panga. Nyuma yake kuna mama karanga na wateja wake, boda boda, watoto waliotumwa dukani. Risasi ya bastola ya milimita 9 yaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na mabati au mlango wa mbao hauizuii. Makuti ndiyo kabisa. Tena hofu hutetemesha mkono; aliyezoea kupiga shabaha ya karatasi, iliyotulia, asijidanganye kwamba barabarani atalenga vilevile.

Machi 2020, mtaani Kiamaiko, Nairobi, polisi walikuwa wakitekeleza kafyu. Mvulana wa miaka 13, aliyekuwa kwenye roshani ya kwao, akapigwa risasi akafa. Hakuwa na ugomvi na mtu. Ikiwa waliofunzwa kazi hiyo wameua mtoto aliye nyumbani kwao, sisi raia tuogope zaidi.

Sheria ya Kenya inakuruhusu kujitetea, mradi nguvu unayotumia ilingane na hatari iliyopo. Mwizi aliyekwisha kukupa mgongo anakimbia hatishii tena maisha yako. Mwache aende na simu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama huoni aliye nyuma ya unayemlenga, usifyatue. Rudi ndani, funga mlango, piga ukelele, piga 999.