Vizuizi vya Waendao Kazi Arabuni
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Vyama vya jamaa kama hiki chetu viliundwa ili mtu atokaye mashambani asikose wa kumpokea mjini, na akifa asikose wa kumrudisha kwao. Leo watoto wetu wanavuka bahari kwenda Saudia na nchi jirani zake. Shida zao ni zile zile, ila ziko mbali na mkono wetu.

Kizuizi cha kwanza kipo hapa hapa nyumbani, nacho ni ahadi tamu. Wakala hutaja kazi na mshahara. Msichana akifika Riyadh au Jeddah huoneshwa karatasi nyingine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya nchi za nje uthibitishwe na afisa wa kazi, akiisha kuhakikisha kwamba mwenye kwenda amekubali kwa hiari, hakudanganywa, na masharti ameyafahamu. Lakini wako watiao sahihi wakiwa tayari wamefunga mizigo.

Kizuizi cha pili ni kafala, yaani dhamana. Ruhusa ya mgeni kukaa katika nchi hufungamana na mwajiri aliyemdhamini. Akiikimbia nyumba ile huweza kuhesabiwa mkosaji, hata kama alikimbia njaa au kipigo. Mwezi wa Machi, 2021, Saudia ililegeza kamba hiyo kwa wafanya kazi wa makampuni, lakini watumishi wa nyumbani hawakuingizwa.

Cha tatu ni pasipoti. Mkataba Nambari 189 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 2011, wampa mtumishi wa nyumbani haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Lakini mkataba huo huzifunga tu nchi zilizouridhia, na pasipoti nyingi hulala katika kasha la mwajiri.

Cha nne ni lugha. Kiswahili kimeazima maneno mengi ya Kiarabu, lakini ajuaye “hesabu” na “safari” hawezi kwa hayo kumweleza daktari mahali panapomwuma.

Wako wasemao watu wazuiwe. Mwaka 2014 Serikali ilizuia upelekaji wa watumishi wa nyumbani Mashariki ya Kati, na mwaka 2017 zuio likaondolewa. Katika miaka hiyo wako waliopita nchi jirani, ambako hapakuwa na afisa wetu wa kuzisoma karatasi zao. Zuio halilipi karo wala halinunui unga.

Kwa hiyo twaomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama mwenye mtoto aendaye ng’ambo alete nakala ya pasipoti na ya mkataba ziwekwe ofisini. Pili, kabla ya safari tuusome mkataba pamoja naye, kwa lugha aijuayo, na tumwandikie anwani na simu ya Ubalozi wetu ulioko Riyadh. Tatu, sehemu ya michango ya maziko itengwe iwe nauli ya kurudi. Tumezoea kuchanga upesi mtu akiisha kufa. Na tuchange pia kwa ajili ya aliye hai anayeomba kurudi nyumbani.

Mkosa kwao mtumwa. Wetu wanako kwao, na yafaa wajue hivyo kabla ya kuondoka.