Mafuta ya Shambani Yapimwe Kabla ya Kushangiliwa

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mtumba, Dodoma)



Kila bei ya petroli na dizeli inapopanda, huzuka habari za mafuta mengine: spiriti ya miwa au mtama, mafuta ya mbono kaburi, na gesi. Kuuliza si kosa. Lori la chama hula fedha ambazo zingemfikia mkulima. Lakini wajibu wa ushirika ni kupima kwanza.

Kipimo cha kwanza ni nguvu. Lita moja ya spiriti ina nguvu ipatayo theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Kwa hiyo bei ya lita haitoshi kuamulia. Kinachotakiwa ni shilingi kwa kilomita. Tena spiriti hunyonya unyevu wa hewani. Petroli iliyochanganywa nayo ikikaa mno katika pipa lisilofungwa vema, maji na spiriti hujitenga na kutuama chini, na injini hugoma. Mipira ya injini za zamani nayo huharibika. Lori la dizeli halitumii spiriti bila injini kubadilishwa, na mafuta mabichi ya mbegu, kwa uzito wake, huziba nozeli. Gesi huhitaji mitungi mizito inayopunguza nafasi ya mzigo, na vituo vingi vya kujazia viko Dar es Salaam.

Majirani wa Kenya walijaribu. Kuanzia mwaka 1983 petroli yenye spiriti ya kiwanda cha Muhoroni iliuzwa nchini humo. Spiriti hiyo ilitokana na molasi, yaani masalio ya sukari, wala hapakuhitajika shamba jipya. Hata hivyo mpango haukulipa, ukakoma mwaka 1993. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wenye molasi mlangoni, yafaa mkulima wa Dodoma, ambako mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600, afikiri mara mbili.

Kipimo cha pili ni chakula. Mtama unaopikwa spiriti hutoka katika ghala lile lile la ugali. Na mbono kaburi, uliosifiwa kwamba hustawi penye ukame, huzaa kidogo pasipo maji ya kutosha. Alizeti ikikamuliwa, mashudu yake hulisha ng'ombe. Mashudu ya mbono yana sumu.

Kipimo cha tatu, kilicho kizito kuliko vyote, ni ardhi. Wilayani Kisarawe, vijiji 11 viliachia hekta zaidi ya 8,000 kwa kampuni ya Kiingereza ya kulima mbono, kwa ahadi za ajira, visima, shule na zahanati. Mwaka 2011 kazi ilisimama, mamia ya vibarua wakabaki bila ajira, na ardhi haikurudi. Sababu imo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: ardhi ya kijiji ikitolewa kwa mwekezaji wa nje huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, na mwekezaji akiondoka hairejei yenyewe kijijini. Shamba la mkulima likienda namna hiyo, mwanachama hana tena mazao ya kuleta katika chama. Hapa Mtumba, tangu Mji wa Serikali uanze kujengwa, kila mtu ameona jinsi ardhi inavyotafutwa. Wa vijiji vya jirani wasidhani kwamba yao haitaulizwa.

Basi katibu afanye nini? Akiletewa pendekezo la mafuta mapya, asilikatae wala asilipokee kwa maneno matupu. Aulize gharama kwa kilomita, fundi na vipuri vitatoka wapi, na ardhi itakuwa ya nani mradi ukifa. Majibu yaandikwe katika muhtasari na kusomwa mbele ya mkutano mkuu.

Lakini hakuna awezaye kulinganisha asichokiandika. Kila lori liwe na daftari lake: lita zilizotiwa, kilomita zilizokwenda, mzigo uliobebwa, na safari zilizorudi tupu. Huenda chama kikagundua kwamba safari tupu na chujio chafu hula fedha nyingi kuliko inavyodhaniwa, na dawa yake haihitaji mafuta mapya. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.